Mimba Iliyolala Mgongoni

Nikifika sokoni Wamaza leo, bado kuna watu wanaonitazama tumbo kwanza ndipo wanisalimu. Siwalaumu. Tumbo langu lilikuwa habari ya mji mzima kwa muda mrefu. Ninaandika haya kwa sababu kule hospitali ya Kasongo niliacha benchi limejaa wanawake wenye matumbo kama langu, na najua wapo wengine ambao hawajafika hata kwenye benchi. Uganga siujui. Mimi ni fundi wa cherehani, nitasema yaliyonipata tu, na aliye na haraka ya kusikia mambo ya kufurahisha atafute mtu mwingine.

Jina langu Feza. Mume wangu Saidi alikuwa akichimba dhahabu, na masika moja udongo ulimfunika shimoni. Wenzake walimtoa, wakamleta nyumbani amefungwa katika turubai, tukamzika. Hatukuwa tumepata mtoto. Mama yake, Mama Mwamini, alikuwa amezaa wengi na kuzika wote. Saidi ndiye aliyekuwa amebaki. Kwa hiyo siku ile tulipotoka makaburini tulikuwa wanawake wawili katika nyumba moja, kila mmoja akiwa amekwisha.

Mwezi ule hedhi haikuja. Wa pili pia. Mama Mwamini ndiye aliyegundua, maana alikuwa haoni vitambaa vyangu kwenye kamba. Akanikalisha chini, akanikamua matiti, akaniuliza maswali ya wanawake, kisha akalia na kucheka kwa pamoja. Tukangoja tumbo. Tumbo halikuja, na baada ya miezi kadhaa nikaanza kuona damu tena, mara ipo, mara haipo. Mimi nilidhani mambo yameishia pale. Yeye akasema hapana, mimba imelala.

Kwetu jambo hilo linajulikana. Wazee wanasema mwanamke akipigwa na huzuni kubwa au jicho la mtu, mtoto anaweza kuacha tumbo na kupanda mgongoni, akalala huko mwaka, miaka, mpaka aamshwe. Kila mtaa una mama anayesemekana alibeba hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekua nikisikia habari hizo, sikuwahi kuzitilia shaka, kama vile sikuwahi kutilia shaka kwamba mchele unatoka shambani.

Kwa ajili ya mimba ile, kilio cha Saidi kiliachwa wazi. Kwa kawaida, msimu ukipita, ukoo unakusanyika, unapika, mjane ananyolewa, anavuliwa kikwembe cheusi, ile nguo ya msiba, anaulizwa mbele ya watu kama anabaki kwa wakwe au anarudi kwa ndugu zake. Ndipo marehemu anaachwa aende. Mama Mwamini alikataa. Alisema huwezi kufunga kilio cha mtu ambaye mtoto wake yuko njiani, lazima mtoto awepo, abebwe, apewe jina la baba yake siku hiyo hiyo. Wazee wa ukoo walikubali. Nikabaki na nguo nyeusi, mwaka ukaingia katika mwaka mwingine, na kila asubuhi Mama Mwamini alinipaka mawese ya moto mgongoni huku akizungumza na mgongo wangu. Alikuwa akisema, "Saidi, baba, shuka. Njia iko wazi. Shuka."

Niliamini. Nalisema wazi kwa sababu watu wa mjini wakisikia haya wanatucheka. Kama mtoto wake amelala ndani yangu, basi Saidi hajaisha. Walinikataza kulia ili nisimshtue, nami sikulia. Nilishona sare za shule, nilishona nguo za harusi, nilicheka na wateja, na mgongoni nilikuwa nimembeba mume wangu. Hayo yalikuwa maisha yangu na niliyazoea.

Kisha tumbo likaanza kuvimba. Mji ulifurahi jamani. Mama Mwamini alipita nyumba kwa nyumba kusema mtoto ameamka. Wanawake wakaniletea karanga, wakanizuia kubeba maji. Mimi nilifungua mishono ya gauni langu kiunoni, na baada ya muda mfupi nikaifungua tena. Ila jicho la fundi lina tabia mbaya, halikubali kudanganywa. Kiunoni nilikuwa naongeza kitambaa na mikononi nilikuwa napunguza. Mabega yalikuwa yamebaki mfupa. Nilikuwa nikila matonge machache ya bugali nashiba kama niliyetoka karamuni. Nilikuwa nakojoa kila mara, nikisimama kwenye cherehani kabla sijamaliza mshono mmoja. Na tumbo halikuwahi kupiga teke. Mama Mwamini alisema mtoto aliyelala sana huamka mzito, akazidisha majani ya kunywa.

Dada yangu, kama unasoma hapa na unajiona, simama hapo. Usingoje teke.

Mwanzo wa kiangazi lilikuja kundi la madaktari wa utafiti. Lilitangazwa kanisani, msikitini na sokoni: mwanamke yeyote anayevimba tumbo bila kujua sababu, anayeshiba haraka, anayeumwa chini ya kitovu, afike kituo cha afya, wana mashine ndogo ya kutazama ndani, wanayoibeba kwa pikipiki. Walitaka kujua namna ya kuwagundua wanawake wa mbali mapema, kabla ugonjwa haujaenea. Mama Mwamini aliposikia alisema hilo halinihusu, kwa kuwa mimi sababu ninayo. Watu wengine walisema wanakuja kuvuta damu wauze. Mimi nilikwenda kwa ajili ya mkojo. Nilikuwa nimechoka kusimama.

Daktari aliyenipokea alikuwa mwanamke, anaitwa Solange, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alinilaza, akanipaka kitu cha baridi, akatazama kioo chake kwa muda mrefu. Kisha akazima uso kama watu wanavyofanya wakiwa na neno la kusema. Alisema, "Mama Feza, mu tumbo yako hamuna mutoto. Iko kitu inaota pembeni ya kizazi, pale mayai inatoka. Ni kikubwa. Ninaogopa inaweza kuwa kanseri."

Nikamwambia atazame mgongoni.

Yule mwanamke angeweza kucheka. Muuguzi aliyekuwa naye alishaanza kuuma midomo. Yeye aliniambia nigeuke, akapaka kile kitu cha baridi mgongoni, akapitisha mashine kutoka mabegani hadi kiunoni, taratibu, upande huu na upande ule, kama mtu anayetafuta kweli. Halafu akanifuta kwa kitambaa. "Huku pia hamuna, Mama," akasema. Nilimwamini kwa sababu alikuwa ametafuta. Mpaka leo namheshimu kwa jambo hilo kuliko kwa kisu chake.

Alinieleza kuhusu utafiti bila kupamba maneno. Watanipasua Kasongo, watanipa dawa kwa mshipa, watanifuatilia miaka. Damu yangu kidogo, na kipande cha kile watakachotoa, vitakwenda maabara mbali kusaidia kujua ugonjwa huu unaanzaje. Nikikataa utafiti watanitibu vilevile. Hakuahidi kwamba nitapona. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na nilipofika kwenye mihogo ya nyuma ya nyumba nilikaa chini. Sikujua nililie nini kwanza. Kama alisema kweli, basi Saidi alikuwa amekufa zamani zile zile, na mimi nilikuwa nafuata.

Mama Mwamini hakupiga kelele nilipomwambia. Alisema tu kwamba madaktari hawana mashine ya kumuona mtoto aliyelala, akaondoka kwenda kuchuma majani. Siku ya kuondoka hakunisindikiza.

Safari ya pikipiki hadi Kasongo sitaieleza, kila mtu wa huku anaijua njia yetu, na mwenye tumbo lililojaa maji anaijua zaidi. Hospitalini palikuwa na benchi refu la mbao nje ya chumba cha utafiti, limelainika kwa makalio ya watu. Pale ndipo nilipokutana na Riziki wa Nyangwe, mke wa mvuvi, muuza samaki wakavu. Tumbo lake lilikuwa kubwa kuliko langu, na mdomo pia. Alimuuliza kila aliyekaa naye yuko mwezi wa ngapi. Yeye alikuwa amesubiri nyumbani mpaka akawa hawezi kulala chali, kwa kuwa mume wake alidhani ni minyoo. Tulikaa bega kwa bega, tukiitwa na kurudishwa, mara damu, mara mkojo, mara picha, mara njooni kesho. Kusubiri kunachosha kuliko kulima. Riziki alinifundisha kuja na karanga mfukoni na kutomtazama mtu anayetoka ndani analia.

Siku ya kupasuliwa ilipokaribia, Mama Mwamini alifika. Alikuwa ameshuka kwenye pikipiki amejaa vumbi jekundu hadi kope, mwanamke wa umri ule, peke yake. Alisimama mbele ya kitanda changu. Hakuniuliza hali.

"Feza, unataka bamutoshe?"

Nikasema ndiyo, Mama, nataka watoe.

"Ule ni Saidi. Sina mwingine. Nilikupa chakula, nilikupakaa mafuta, nilikataza batu wakufukuze. Unataka kumuua mara ya pili?"

Sitasahau maneno hayo mpaka niingie kaburini. Nilimpenda yule mama, na alikuwa amesema kweli kuhusu chakula na mafuta. Niliona nikikubali kurudi naye tungepanda pikipiki pamoja, angenipaka mawese kesho asubuhi, na ningekufa mikononi mwa mtu anayenipenda. Haikuwa mbaya sana, ukifikiri. Riziki, kwenye kitanda cha pili, alikuwa amegeukia ukutani ili asisikie, na mgongo wake ulikuwa umebaki mbavu. Nikautazama ule mgongo. Nikamwambia Mama Mwamini kwamba nitapasuliwa.

Alijifuta vumbi usoni kwa ncha ya kikwembe chake. Kisha akasema sawa, lakini anataka kukiona kitakachotoka, akione kwa macho yake kabla hakijapelekwa popote. Kama ni mtoto, atamzika. Nilimweleza Daktari Solange. Uso wake ulionyesha taabu, kwa sababu vile vipande vya utafiti vinatakiwa kuwekwa kwenye dawa haraka. Akatoka kuzungumza na wenzake, akarudi, akasema, "Ataona. Mi mwenyewe nitamuonyesha."

Mimi nilikuwa usingizini. Aliyenisimulia ni muuguzi, siku nilipoweza kukaa. Walimvika Mama Mwamini joho la kijani na glavu zilizomzidi vidole, wakamwingiza chumba cha pembeni, mahali palipokuwa na beseni. Kitu kilichomo kilikuwa kikubwa kuliko kichwa cha mtu, cheupe, chenye mafundo na maji. Hakuogopa. Aliinama, akakigeuza. Alitafuta kichwa. Alitafuta miguu. Alipitisha vidole kila mahali kama anayechambua mchele, akarudia upya kutoka mwanzo, na Daktari Solange hakumharakisha. Mwishowe akauliza:

"Mutoto wangu Saidi, mu hii hamuna kitu yake? Hata kidogo?"

"Hamuna, Mama."

Akavua glavu, akazikunja vizuri, akampa muuguzi. Akasema wachukue, wapeleke kwenye utafiti wao. Na asubuhi iliyofuata alipanda pikipiki akarudi Wamaza bila kupita kitandani kwangu.

Jambo hilo liliniuma kuliko mshono. Mshono ulitoka kitovuni hadi chini kabisa, umeshonwa vizuri, nilimsifu aliyeshona. Lakini nililala pale na tumbo tambarare, sina mtoto, sina kizazi, sina mume, na sasa sina mama. Nguo nyeusi ilikuwa imekunjwa chini ya mto, na sikujua kama bado nina haki ya kuivaa.

Majibu yalikuja kutoka mbali: ilikuwa kanseri kweli. Ndipo zikaanza serumu, ile dawa ya mshipani. Mimi nahesabu mwaka ule kwa serumu. Ya kwanza ilikuwa wakati wa vumbi, nikatapika mpaka nikaona nyota mchana. Nywele ziliniacha kabla ya ya pili, zikabaki kwenye mto kama manyoya ya kuku aliyechinjwa. Ya tatu ilikuja na mvua za kwanza, vidole vikafa ganzi. Nilijaribu kutunga uzi kwenye sindano, nikaona sindano, nikaona uzi, lakini vidole havikujua vimeshika nini. Hapo nililia kwa hasira. Fundi asiyehisi sindano ni nini?

Kaka zangu wa Kabambare walikuja zamu kwa zamu. Walileta mchele, walikaa, walichoka, waliondoka. Mkubwa wao alisema kilio kikifungwa nitarudi kwao, wataniwekea chumba, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu vyumba. Kutoka Wamaza hakuja mtu.

Riziki alikuwa akinisugua vidole kwa mafuta ya samaki, tunanuka wote wawili, watu wa benchi wakihama. Yeye hawakuweza kumtoa uvimbe wote. Alilijua hilo, lakini aliendelea na dawa na aliendelea na utafiti. Siku moja nilimuuliza kwa nini anakubali bado kuvutwa damu. Akanijibu, "Basichana yangu iko watatu. Siku moja mumoja wao atashiba haraka. Nataka muganga ajue ni nini." Alifariki kabla ya serumu yangu ya nne, mchana, mvua ikinyesha, nimeshika mkono wake nisiweze kuuhisi. Watu wake walimrudisha Nyangwe. Niliporudi kukaa kwenye benchi niliacha nafasi yake upande wangu wa kulia, na mtu alipotaka kukaa pale nilimtazama vibaya mpaka akasogea.

Nilimaliza serumu wakati mpunga ulipokuwa unavunwa. Daktari Solange alisema damu yangu ni nzuri, picha ni safi, na kwamba nitarudi kila baada ya miezi michache, kwa sababu ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Alisema hayo yote kwa sauti ile ile ya chini. Nilimshukuru. Nje, mwenye pikipiki aliniuliza naenda wapi, Kabambare au Wamaza. Kabambare kulikuwa na ndugu zangu na chumba. Wamaza kulikuwa na mama aliyeondoka bila kuniaga. Nikasema Wamaza. Nilitaka anifukuze kwa mdomo wake, nijue.

Uani nilikuta masufuria makubwa, wali, mbuzi amechunwa, wazee wa ukoo wamekaa kwenye viti vya kuazima. Nilidhani kuna harusi. Mama Mwamini alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa amenyoa kichwa chote. Tukatazamana, vipara viwili. Aliniambia nikae kwenye mkeka, walikuwa wakiningoja. Alikuwa ametuma watu Kasongo kuuliza siku ya mwisho ya dawa, kwa sababu kilio hakifungwi bila mjane.

Waliniosha, wakanivua nguo nyeusi. Shangazi wa Saidi alileta wembe kama inavyotakiwa. Haukupata kitu cha kunyoa, lakini aliupitisha hivyo hivyo kichwani pangu, taratibu. Mzee wa ukoo akasimama ili aniulize lile swali, kama nabaki au naenda. Mama Mwamini akamtangulia. Alizungumza akiwa amesimama, bila kumtazama mtu yeyote.

"Mutoto wangu alikufa mu shimo. Mi nilimungoja mu tumbo ya mutu muzima, kidogo nimuue na ule mutu. Batu mujue." Kisha akanigeukia. "Feza, ukienda, nitakusindikiza mi mwenyewe mpaka kwa baba zako. Ukibaki, nyumba iko. Na Kasongo, siku wanakuita, tutaenda wote."

Nilisema nabaki. Shangazi akanifunga kikwembe kipya, chekundu na manjano, rangi ambazo mimi nisingezichagua. Mzee akatamka jina la Saidi kwa mara ya mwisho, kama inavyofanywa, akamwambia aende salama, hadaiwi kitu hapa. Na mimi niliyekatazwa kulia miaka yote ile, niliyekaa bila chozi kwa kuwa nilikuwa nimembeba, nililia mpaka wakanishika pande zote mbili. Wengine walikuwa wamekwisha kumlilia zamani. Kwangu mimi Saidi alikufa siku ile, saa za mchana, wali ukiwa motoni.